Shetani Hakupita Visiga

Mdogo wangu Abdulwahab ana hasira, na wala si siri. Ukishuka kituoni Visiga ukauliza fundi mageti mwenye hasira yuko wapi, utaonyeshwa kwa kidole kabla hujamaliza swali. Banda lake la kuchomelea liko kando ya barabara ya Morogoro, na ubavuni mwake liko langu mimi, dada yake Sikuzani, ninapouza chapati na maharage. Yule nimemlea. Nimemfuta kamasi. Kwa hiyo nikisema hasira zake zimemvunjia nyumba, simsengenyi, nasema nilichokiona.

Zamani tulikuwa tunacheka. Akikasirika anatupa nyundo, nyundo inaangukia mtaroni, halafu anakwenda kuiokota mwenyewe kimya kimya huku tunamzomea. Akikasirikia nyumbani anavunja sahani, na asubuhi mkewe Hamisa anakuja kuazima kwangu. Mama yetu alikuwa akisema, "Mwacheni, kachukua kichwa cha babu yake," utadhani babu alimwachia shamba. Tuliona ni mambo ya kawaida tu, mpaka siku aliyompiga mtoto.

Siku hiyo nilikuwepo. Mchana alikuja bwana mmoja mwenye gari kubwa kuangalia geti lake. Akalizunguka, akalipima kwa macho, akasema limepinda. Halikuwa limepinda. Mimi si fundi lakini macho ninayo. Akamwita Abdulwahab fundi uchwara mbele ya wateja wangu, akamwambia hajui hata kushika rula, na akasema na mengine ambayo siwezi kuyarudia nikiwa na udhu. Abdulwahab akainamisha kichwa. "Samahani bosi, nitarekebisha," akasema, tena anatabasamu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo kaishinda hasira yake.

Gari lilipoondoka akazunguka nyuma ya banda. Hajra, binti yake wa darasa la nne, alikuwa amechuchumaa huko na sare zake za shule, mkononi ana chaki ya baba yake. Kulikuwa na bamba la chuma limeegemezwa ukutani, limeshapigwa mistari ya kukatia. Mtoto alikuwa ameifuta mistari kwa kiganja, akachora nyumba. Nyumba ya madirisha manne, na mlangoni kasimama mtu. Kofi la Abdulwahab nililisikia nikiwa nageuza chapati, na lile bamba, mtoto alipoligonga kwa kichwa, lilikuwa bado linalia nilipofika.

Damu iliyotoka sikioni ilikuwa kidogo, ndiyo maana hatukuogopa vya kutosha. Tukamfuta, tukampa juisi. Baadaye sikio likaanza kutoa usaha, na hospitali wakasema ngoma ya sikio la kushoto imepasuka, na kwamba upande ule asitegemee kusikia tena. Hamisa alilisikiliza hilo bila kulia. Kesho yake alifunga nguo zake na za mtoto. Alinipitia bandani, begi liko begani, akasema, "Wifi, zile sahani zako nimeziacha jikoni," akapanda gari la Mlandizi kwenda kwao Mzenga.

Baba yake, Mzee Mwinyimadi, hakutuma matusi. Alinipigia simu mimi kwa sababu alisema sauti ya Abdulwahab hataki kuisikia. "Mwambie mdogo wako akatafute dawa ya hasira zake," akasema. "Akipona aje, nitamsikiliza, na mkewe na mwanawe nitampa. Asipopona, hawa wanakaa kwangu. Muhogo upo, korosho zipo, hawatakufa njaa."

Basi tukaanza kuitafuta hiyo dawa.

Mama alishikilia kwamba ni jini, tena jini la ukoo. Tukampeleka Kisarawe kwa sheikh mmoja, akamsomea, akamwandikia kombe, akanywa mpaka akawa anacheua maji ya zafarani. Tukampeleka Magindu kwa mtaalamu mwingine, huyo akamwogesha majani ambayo yalimnukia wiki nzima, wateja wakawa wanasimama mbali naye wakiagiza mageti. Tuliporudi Kisarawe mara ya pili, sheikh alimtazama, akafunga msahafu wake taratibu. "Nimesoma kila ninachokijua," akasema. "Kama jini lingekuwepo lingeshanijibu. Mpelekeni hospitali, siku hizi wapo watu kazi yao ni kuzungumza na watu." Namheshimu yule sheikh mpaka leo. Mwingine angeendelea kutuuzia kombe.

Nesi aliyekuwa akimsafisha Hajra sikio ndiye aliyenielekeza: Maili Moja, juu ya duka la dawa, kuna mama mshauri, mtu anakwenda anakaa naye wanazungumza. Abdulwahab alipolisikia hilo alivimba.

"Yaani mimi kichaa, dada?"

"Kichaa ni mimi ninayekubembeleza. Vaa shati."

Tukapanda ngazi. Mlangoni paliandikwa jina: Mwanaasha Mihambo. Abdulwahab akalisoma mara mbili, na uso uliokuwa umekunjwa tangu Visiga ukafunguka.

"Mihambo? Si Mnyamwezi huyu?" Akasukuma mlango. "Lahaula! Kumbe naletwa kwa mtumwa wangu!"

Yule mama alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye mkoba, mtu mzima, miwani imemshuka puani. Hakuinua hata kichwa. "Nilikuwa najiuliza nani anapanda ngazi zangu kwa mdundo," akasema, "kumbe Mzaramo. Umesikia ngoma gani humu ndani?"

Tukacheka wote watatu. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazaramo tangu enzi za mababu zao waliokuja pwani na mizigo kichwani. Mtani anakwambia lolote, hata siku ya msiba anaweza kukulalia juu ya jeneza akazuia lisiondoke, na wewe kukasirika huruhusiwi. Nikaona kazi imekuwa nyepesi, mtu aliyekuwa anagoma sasa anaingia kwa kicheko. Nikawaacha.

Akawa anakwenda kila wiki, tena bila kusukumwa. Akirudi anasimama mbele ya jiko langu kunisimulia. Leo kamwambia babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka shingo ikazama mabegani, naye kamjibu kwamba Mzaramo akiuza shamba asubuhi, jioni pesa imeshaisha kwenye ngoma ya mdundiko. Leo kamwambia hivi, naye kamjibu vile. Wateja wangu walikuwa wanachelewa kazini kwa kumsikiliza.

"Na Hajra?" nikamuuliza siku moja. "Mmemzungumzia?"

"Tutafika, dada. Mambo haya yanakwenda polepole."

Nyundo haikuruka tena mtaroni. Mteja mmoja alichelewa kuja kuchukua dirisha lake na Abdulwahab akasema "hamna shida." Mama akachinja kuku kwa shukrani. Abdulwahab mwenyewe akampigia simu Mzee Mwinyimadi akamwambia, "Baba, nimepona," na mzee akajibu, "Basi njoo Ijumaa baada ya sala, uje na mtu mzima wa kwenu." Akanunua mkeka mpya. Akapaka rangi chumba cha Hajra, rangi ya waridi, akachafua na dari.

Siku mbili kabla ya hiyo Ijumaa yule mama Mihambo akaomba mtu wa nyumbani ahudhurie. Nikaenda. Nilidhani ananiita kuagana.

Walianza kama kawaida yao. Abdulwahab akauliza mzigo wa leo una uzito gani. Mama Mihambo akavua miwani, akaifuta, na safari hii hakujibu kwa kicheko.

"Wewe ni fundi uchwara," akamwambia. "Hujui hata kushika rula. Mageti yako yamepinda kama wewe mwenyewe. Hata huyu dada yako anakuonea aibu."

Mimi nilikuwepo siku maneno hayo yaliposemwa; kumbe Abdulwahab alikuwa amemsimulia. Abdulwahab akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mnyamwezi leo umeamka na maneno!"

"Mbona hukunipiga?"

"Nikupige wewe? Mtani hapigwi!"

"Nani amekukataza?"

"Hakuna aliyenikataza, ndivyo ilivyo. Mtani akisema haiingii. Unacheka tu."

"Hata ukiwa umetoka kugombana na mtu? Hata ukiwa na njaa, umechoka, umedhulumiwa?"

"Hata hapo."

"Na yule bwana wa geti. Alipokwambia maneno haya haya, yaliingia?"

Kicheko kikapungua. "Yaliingia."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimwambia samahani. Yule mteja, mama. Mtu mwenye gari vile, ukimgusa unalala polisi."

"Kwa hiyo kwangu huikasirikii kauli kwa sababu ni mtani. Kwa yule ulikasirika ukaimeza kwa sababu ni mkubwa." Alikuwa anazungumza pole pole, hakuna ukali hata kidogo. "Hajra alisema nini, Abdulwahab? Hukuniambia hata siku moja. Nimekuacha tukacheka wiki zote hizi nikitegemea utafika mwenyewe. Labda nilikosea. Hajra alikutukana?"

"Hakusema kitu."

"Alifanya nini?"

"Alichora nyumba."

Hapo hakuna aliyecheka. Abdulwahab alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Nikajua sasa tunavunjiwa ofisi ya watu. Akatazama kiti, akamtazama yule mama, ngumi ameikunja. Mama Mihambo hakurudi nyuma. "Unaona?" akamwambia. "Hata sasa unachagua."

Akatoka. Nilimkuta chini kwenye ngazi za duka la dawa, amekaa, watu wanampita juu kwa juu na vifurushi vyao, machozi yanamtoka. Nilizoea kumwona akitupa vitu. Kulia sikuwahi kumwona tangu alipotahiriwa.

"Bora lingekuwa jini, dada," akaniambia. "Wallahi bora lingekuwa jini."

Na mimi nilikuwa nalitaka hilo jini. Jini ungelisomea, ukalitoa, ukarudi kula na watu.

Ijumaa tukaenda. Kwa wakwe haendi mtu peke yake, na mtu mzima wa kwetu aliyebaki mwenye miguu ya kufika Mzenga ni mimi. Mlandizi nikakodi bajaji nzima, nikamwambia dereva atusubiri, kwa sababu tutarudi wanne na mabegi. Njia nzima nilikuwa namfundisha Abdulwahab. Nani asiyejua mambo haya yanavyokwenda? Mkosaji anakaa chini, anainamisha kichwa, anasema shetani alinipitia. Wazee wanaguna, wanasema kweli, shetani ni mbaya, wanamlaani shetani mpaka anachoka, halafu unaletwa wali. Ndivyo ndoa zote ninazozijua zilivyotengenezwa. Na yangu pia, zamani, kabla mume wangu hajafariki.

"Utasema shetani alikupitia," nikamwambia.

Alikuwa anatazama mikorosho.

Mzee Mwinyimadi alitupokea barazani, kanzu bado ina marashi ya msikitini. Abdulwahab akaamkia akiwa amepiga goti, mzee akaitika marahaba bila kumtazama. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nikaona miguu ya Hamisa. Mabegi mawili yalikuwa yameshafungwa, yamepangwa kando ya mlango. Na Hajra alikuwa kwenye benchi mwisho wa baraza, amesukwa, amevaa viatu, mfuko wake wa shule mapajani. Nilipomwita akageuza kichwa chote ili kunipata kwa sikio la kulia, akaniambia, "Shikamoo shangazi." Nilikuwa bado sijaiona hiyo namna yake mpya ya kugeuka. Nikaitika, halafu nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Haya," akasema mzee. "Tumesikia umepona. Tueleze basi ilikuwaje."

Abdulwahab akawa anang'oa nyuzi za mkeka tuliokalia mpaka mzee mwenyewe akamhurumia. Ndiyo, alimhurumia. Naye alitaka jambo liishe, alikuwa amechoka kumwona binti yake akilima kwa kisirani.

"Binadamu tunapitiwa," mzee akasema. "Sisi sote. Sema tu mwanangu, shetani alikupitia, tumlaani, yaishe. Gari lenu liko nje."

Nikamfinya Abdulwahab mguuni, pale mkekani, kwa kucha.

"Baba," akasema, "shetani hakunipitia."

"Unasemaje?"

"Siku ile nilitukanwa na mtu mzima mwenye gari lake, nikamwambia samahani. Nikazunguka nyuma nikamkuta mtoto. Nilimwona kuwa ni Hajra. Niliiona na nyumba aliyochora. Nikampiga. Ningeweza kutompiga. Hata sahani za Hamisa, zote nilikuwa naweza kutozivunja. Shetani asisingiziwe. Ni mimi."

Nilitamani nimzibe mdomo kwa ule mkeka. Nasema kweli yangu: sikuona ushujaa wowote pale. Niliona mjinga anayeutupa wali ambao umeshapakuliwa. Mabegi yale pale, bajaji ile pale, neno moja tu linatakiwa, neno ambalo kila mwanamume wa Pwani hii amelisema walau mara moja akasamehewa.

Mzee Mwinyimadi alivua kofia, akajipangusa paji la uso. Alionekana kuzeeka hapo hapo.

"Shetani ningemfukuza," akasema. "Lakini kama ni wewe, mtoto simpi mtu wa namna hiyo. Nitampaje?" Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ungempa?"

Nikataka kusema ndiyo. Ulimi ulikataa, kwa sababu Hajra alikuwa ananitazama.

Pazia likafunguka, Hamisa akatoka. Amekonda, lakini uso umetulia. Hakukaa. "Abdulwahab," akasema, na kwa kawaida alikuwa akimwita Baba Hajra. "Miaka yote ukivunja kitu ulikuwa unaniambia si wewe, ni hasira. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeyaamini maneno yako." Akachukua begi moja, akalirudisha ndani. Kisha akaja kuchukua la pili. "Na ndiyo maana siendi."

Ilitosha. Nilitaka tuondoke, uso wangu nilikuwa sijui niuweke wapi. Lakini Abdulwahab akaenda mwisho wa baraza, akachuchumaa kando ya benchi, akaanza kusema. Alisema mengi. Alimwomba mtoto msamaha kwa kofi, kwa kumpa juisi badala ya kumpeleka hospitali, kwa kumwambia nesi kwamba ameanguka. Hilo la nesi mimi nilikuwa silijui. Mkono wake alikuwa ameuweka juu ya benchi, mbali kidogo na mtoto, kiganja kimeelekea juu. Hajra alikuwa anatazama mbele, anachezea mkanda wa mfuko. Wala hakugeuka.

"Upande huo hasikii," akasema Hamisa kutoka mlangoni.

Abdulwahab akasimama, akazunguka benchi, akachuchumaa upande wa kulia. Nilimwona akitafuta yale maneno yote. Yalikuwa yamekwisha. "Mimi ndiye niliyekuumiza, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Hajra akafikiri. "Yule mtu wa geti alikutukana sana," akasema. "Nilimsikia. Mbona yeye hukumpiga?"

Kuku walikuwa wanaparura chini ya benchi. Nilimwomba Mungu Abdulwahab adanganye, japo kidogo tu.

"Kwa sababu yeye ni mkubwa," akasema.

Mtoto akaitika kwa kichwa, kama anavyoitika mwalimu akimweleza hesabu. Akaweka mfuko chini, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Alifungua kimoja, akakiweka pembeni, akashika cha pili.

"Ukija tena," akasema bila kuinua kichwa, "ukae upande huu."

Tukaaga. Mzee Mwinyimadi akatusindikiza mpaka barabarani, kwa heshima yangu, na akamwambia dereva asiendeshe ovyo. Dereva akauliza abiria wengine wako wapi, nikamwambia awashe chombo chake. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mdogo wangu mpaka Visiga. Nilipogeuka nikakuta amejibana pembezoni kabisa mwa kiti, bega lake liko nje kwenye vumbi, na katikati yetu ameacha nafasi tupu ya kumtosha mtoto. Alikaa hivyo hivyo mpaka Mlandizi, nami sikumwambia asogee.